Taa ya DPF inawaka na gari limekuwa zito: nikate masega au ninunue mapya?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina Mazda CX-5 ya dizeli, 2.2, ya mwaka 2013. Ilitoka Japani na sasa ina kilomita 148,000. Naishi Kisasa, kazini ni Mtumba. Kwa miezi kadhaa gari limekuwa zito, linakula mafuta kuliko zamani, na taa ya DPF, chujio la masizi kwenye ekzosi, inawaka na kuzima. Wiki hii iliwaka pamoja na taa ya injini, gari likagoma kupita 2,500 kwenye geji ya mizunguko. Fundi wa kwanza anasema tukate kopo, tutoe masega, gari "litaruka". Wa pili anasema ninunue DPF mpya. Jirani yangu alishatoa ya X-Trail yake na anaisifia. Nimsikilize nani?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Kwa sasa usimsikilize hata mmoja. Liweke gari mahali tambarare, lizime, subiri dakika tano oili ishuke, kisha chomoa dipstiki. Kwenye injini yako ina alama ya chini, alama ya juu, na juu zaidi ya hapo alama ya X. Kama oili imepanda ikaikaribia X, na ukiipaka kidoleni ni nyepesi na inanuka dizeli, gari lisitembee mpaka oili imwagwe. Hata kwenda gereji liende kwa kuvutwa, au fundi aje nyumbani na ndoo yake.

Oili hupanda kwa sababu ya chujio hilo la DPF, ambalo mafundi wako wanaliita masega. Chujio likijaa masizi, kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, huamuru lijichome, kazi ambayo mafundi huiita regeni. Nozeli humwaga dizeli kidogo ya ziada baada ya mlipuko, pistoni ikiwa tayari inateremka. Dizeli hiyo haisukumi gari. Inakwenda kuungua kwenye ekzosi ili joto la chujio lifike kama nyuzi 600. Lakini sehemu yake hugonga kuta za silinda, ikateleza kupita ringi za pistoni na kuingia kwenye oili. Regeni ikikamilika, kiasi kinachoingia ni kidogo na kingine huwa mvuke kwa joto la safari. Ikikatishwa njiani kila siku ikaanza upya kila siku, oili inageuka mchanganyiko. Oili ya namna hiyo haibebi tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa) wala cheni ya taimingi, na ikizidi sana injini inaweza kuanza kuvuta oili yake yenyewe kupitia njia ya hewa na kunguruma bila kukanyagwa. Hapo kuzima swichi kunaweza kusisaidie, kwa sababu haitegemei tena dizeli ya nozeli.

Kisasa hadi Mtumba ni safari fupi. Injini ya dizeli yenye mgandamizo mdogo kama hiyo, 14 kwa 1, hutoa joto kidogo ikiwa haina mzigo, na ndiyo kwanza inakaribia kuchangamka unapoegesha. Regeni inahitaji injini iwe ya moto tayari, kisha dakika 10 hadi 20 mfululizo. Kwa ratiba yako, kuna uwezekano mkubwa kwamba huikatisha karibu kila inapoanza.

Masizi na majivu

Kwenye lile kopo la chuma lililobanana na tabo kuna vitu viwili vinavyofuatana: kichocheo cha oksidisheni, halafu chujio lenyewe. Chujio ni tofali la kauri lenye mifereji myembamba. Kila mfereji umezibwa upande mmoja, hivyo moshi hauna njia ila kupenya kwenye ukuta na kutokea mfereji wa jirani. Kinachobaki ukutani ni masizi na majivu, na tiba zake hazifanani.

Masizi ni kaboni. Yakipata oksijeni na joto la nyuzi 550 hadi 600 huungua yakaisha. Kwenye safari ndefu yenye mzigo huungua taratibu hata kwa nyuzi 250 hadi 400, kwa msaada wa naitrojeni dayoksaidi inayotengenezwa na kile kichocheo cha mbele. Majivu ni mabaki ya viungo vya oili, yaani kalsiamu, zinki na wenzake, na hakuna regeni itakayoyaondoa. Masizi hujaa ndani ya kilomita mia chache; majivu hujaa kwa kilomita laki na kitu.

Kwa hiyo swali la "nisafishe au ninunue" linajibiwa na kilichojaa. Mashine ya kupimia gari ikitoa kodi (namba ya hitilafu) P2463, kompyuta inalalamikia masizi. P242F ni majivu. P2002 inasema chujio halichuji, yaani limepasuka, limetobolewa, au mpira wa sensa umechomoka. P2452 hadi P2455 ni sensa yenyewe ya tofauti ya mgandamizo. P252F ni oili iliyozidi kimo, na kwako sitashangaa ikitokea. Mwambie fundi aandike kodi zote kabla ya kufuta. Fundi anayefuta kwanza, "tuone kama itarudi", anakutupia ushahidi.

Namba za kuomba kwenye mashine

Kodi peke yake haitoshi, omba usomaji wa moja kwa moja. Kwa Mazda, programu ya FORScan kwenye laptopu na kifaa kizuri cha OBD, kile kinachochomekwa kwenye soketi ya kupimia gari, inasoma karibu kila kitu unachohitaji hapa, huhitaji mashine ya kiwandani.

Swichi ikiwa imewashwa bila injini, tofauti ya mgandamizo kwenye DPF isome sifuri, au isiizidi sifuri kwa zaidi ya 0.2 au 0.3 kPa (kilopaskali, kipimo cha mgandamizo). Ikisoma 2 wakati hakuna moshi unaopita, sensa inadanganya, na huenda chujio lako halina kosa. Injini ikiwa ya moto kwenye sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa, chujio zima husoma chini ya 1 kPa. Ukishikilia 2,500 bila mzigo, mara nyingi hubaki chini ya 4 au 5. Hivi ni vipimo vya gereji, si vya kitabu cha kiwanda, lakini ukiona 10 na kupanda hapo kuna kuziba kweli. Na ukiona sifuri isiyobadilika hata ukikanyaga, angalia vimipira viwili vinavyotoka kwenye kopo kwenda kwenye sensa. Joto huvikausha vikapasuka, au masizi yenye unyevu huviziba. Vichomoe upande wa sensa, pulizia hewa kuelekea kwenye kopo, kamwe usipulizie kuelekea kwenye sensa.

Kuna jambo la Dodoma ambalo fundi aliyezoea Dar es Salaam anaweza kulikosea. Tuko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Sensa zinazosoma mgandamizo kamili, yaani ya hewa ya nje, ya menifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) na ya ekzosi kabla ya tabo, injini ikiwa haijawashwa zitasoma kama 88 hadi 89 kPa, si 101. Huo si ubovu. Ubovu ni pale zinapotofautiana zenyewe kwa zenyewe. Menifoldi ikisema 89 na ya ekzosi ikisema 97, ya pili ina shida. Kwenye CX-5 bomba dogo linalopeleka moshi kwenye sensa hiyo ya ekzosi huziba kwa kaboni, na kompyuta ikipokea namba za uongo hapo, hukosea kupanga tabo na EGR, mfumo unaorudisha sehemu ya moshi kwenye injini. Huo peke yake unatosha kulifanya gari kuwa zito.

Joto la injini nalo litazamwe. Barabarani likae kati ya 85 na 95. Likielea kwenye 70, themostati, valvu inayodhibiti joto la maji ya injini, imebaki wazi na regeni haitakamilika, hata ununue DPF ya kiwandani. Asubuhi kabla ya kuwasha, sensa zote za joto la ekzosi zisome karibu sawa na hewa ya nje. Inayosoma nyuzi 60 wakati nyingine ziko 22, ibadilishwe.

Namba ya mwisho ni umbali kati ya regeni moja na nyingine. Kilomita 200 hadi 350 ni ya kawaida. Ukiona kila kilomita 80 au 100, injini inazalisha masizi kuliko inavyopaswa, na hapo ndipo pesa yako iende kwanza.

Nani analijaza chujio?

Wote wawili, fundi wa kukata na fundi wa kuuza mpya, wanaliangalia chujio kama mkosaji, ilhali mara nyingi lenyewe limebebeshwa mzigo wa mwingine. Ukiweka jipya juu ya injini inayotoa moshi mweusi, litaziba kama hilo. Ukilikata, moshi ule ule utatoka nyuma na ugonjwa utaendelea bila taa ya kukuonya.

Kwa gari la Dodoma anza na eakilina, chujio la hewa. Vumbi la kiangazi la barabara za mitaa ya Kisasa, Iyumbu na Nala huimaliza kabla ya muda wa kitabu. Injini ikikosa hewa, dizeli haiungui yote, na matokeo yake ni masizi. Badilisha kila kilomita 10,000, na katikati unaweza kuipuliza kutoka ndani kwenda nje kwa hewa ndogo. Ukiipuliza kwa nguvu yote ya kompresa karatasi inatoboka, na vumbi linakwenda kula mapanga ya tabo.

Pili, mipira ya hewa kati ya tabo, intakula (kipoza hewa) na menifoldi. Palipo na ufa utaona vumbi limeganda na oili. Ufa mdogo usiosikika ukiwa umeegesha hufunguka ukikanyaga, hewa iliyokwisha kupimwa inapotea, na kodi P0299, ya tabo kutotoa hewa ya kutosha, inakuja.

Tatu, kaboni kwenye menifoldi na njia za valvu. Moshi wa EGR ukichanganyika na mvuke wa oili hutengeneza uji mweusi unaoganda, na kwa kilomita 148,000 za mjini lazima upo. Dawa ya kupulizia kwenye njia ya hewa injini ikiwa inaunguruma haiutoi, labda huudondosha vipande vipande ndani ya silinda. Menifoldi ifunguliwe, valvu za silinda inayosafishwa ziwe zimefungwa, kaboni ikwanguliwe na kunyonywa kwa vakyumu, na gasketi iwekwe mpya. Sensa ya menifoldi isafishwe siku hiyo hiyo. Mara nyingi tundu lake huwa limebaki kama la sindano.

Nne, nozeli. Hapa ndipo palipo ghali, na ndipo wengi wanaporuka. Angalia masahihisho ya dizeli ya kila silinda kwenye mashine, injini ikiwa ya moto na imetulia. Moja ikiwa mbali sana na wenzake, nozeli hiyo inamwaga au mgandamizo wa silinda hiyo umeshuka, na vipimwe vyote viwili. Chungulia pia chini ya shingo za nozeli. Ukiona lami nyeusi ngumu, washa ya shaba (kipete cha kuzibia) imeachia na moshi wa mlipuko unapita kuingia kwenye oili. Washa ni kitu kidogo, lakini ikiachwa, kaboni inashuka mpaka kwenye chujio la kufyonzea oili ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, na injini hizi zimewahi kufa kwa kukosa oili kwa njia hiyo. Washa mpya isiwekwe juu ya kiti kichafu. Kiti kisafishwe kwa kifaa chake, siyo kwa bisibisi.

Kuhusu mafuta nitasema kidogo. Kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza 2015 kiliruhusu dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, wakati Japani, gari lako lilikotengenezwa, ni 10. Chujio linaivumilia hiyo 50. Haliivumilii dizeli ya vidumu ya kando ya barabara, ambayo hujui imechanganywa na nini.

Oili ndiyo inayoamua majivu. Gari lako linahitaji oili ya majivu kidogo: DL-1 ya Kijapani, ambayo majivu yake hayazidi asilimia 0.6, au C3 ya 5W-30, isiyozidi 0.8. Oili nzito za malori za 15W-40 zinazomwagwa kwenye kila dizeli mjini hapa mara nyingi hufika 1.4. Piga hesabu: injini inayokula lita moja, takribani gramu 850, kila kilomita 10,000, kwa oili ya 1.4 inapeleka gramu 12 za majivu kwenye chujio. Kwa DL-1 ni gramu 5. Ukifika kilomita 100,000, ni gramu 120 dhidi ya 50, na hizo hazichomeki. Muulize aliyekufanyia sevisi alimwaga nini. Jibu la "oili ya dizeli" halitoshi, aoneshe kopo.

Kulichoma, kulisafisha, kulibadilisha

Ukikuta tatizo ni masizi, na umekwisha kurekebisha chanzo, mwaga oili, badilisha filta yake, kisha lipeleke gari barabarani. Tangi lisiwe chini ya robo. Toka kama unakwenda Morogoro, geuzia Mbande panapochepuka kwenda Kongwa. Watu hudhani regeni inataka spidi, kumbe inataka mizunguko na mzigo, kwa hiyo alama za 50 na askari wenye tochi hawakuzuii kitu. Weka gia kwenye M. Kwa 80 shika gia ya nne, injini itakuwa karibu 2,400. Ukiingia kijijini kwa 50 teremsha ya tatu, itabaki karibu 2,200. Shikilia hivyo nusu saa. Regeni ikiwa inaendelea, mafuta ya papo hapo kwenye dashibodi hupanda, i-stop haizimi injini ukisimama, na feni inaweza kuunguruma. Usiegeshe kwenye nyasi. Kiangazi cha huku nyasi ni kiberiti, na kopo lile lina joto la kuziwasha.

Kama taa inawaka na kuzima mfululizo au gari limekwisha kujifunga kwenye 2,500, kama lako, safari peke yake huenda isitoshe, na kompyuta inaweza kukataa kuanza. Hapo regeni huamriwa kwa mashine gari likiwa limesimama. Ifanyike nje, kwenye ardhi tupu, mtungi wa kuzimia moto ukiwa karibu, bila uvujaji wowote wa mafuta chini ya gari. Joto kabla ya chujio litazamwe muda wote, na likipita 700 regeni isitishwe. Mashine ikigoma kwa sababu masizi yamezidi kiwango, usimruhusu fundi aidanganye kwa kuiandikia kompyuta kwamba DPF ni mpya. Masizi mengi yakishika moto kwa pamoja huyeyusha kauri katikati, na chujio ambalo lingeoshwa linakuwa la kutupa.

Hatua inayofuata ni kulifungua na kulisafisha. Nati na stadi (bolti zisizo na kichwa) za kopo zipuliziwe dawa ya kutu jana yake. Stadi ikikatikia kwenye tabo, kazi ya saa tatu inakuwa ya siku mbili. Kopo likiwa mezani, litazame upande wa kutokea moshi. Kauri iwe na rangi yake, kijivu au udongo. Ikiwa nyeusi, ukuta umepasuka na kusafisha ni kupoteza pesa. Lipime likiwa kavu kwenye mizani ya dijitali, andika gramu. Baada ya kazi lipimwe tena likiwa kavu kabisa. Tofauti ya gramu 60 au 100 inaonesha kilichotoka, na ukikuta ni gramu 5, umelipia maji ya bomba.

Njia nzuri ni tanuri la nyuzi kama 600 linalopanda na kushuka polepole, kisha hewa ya kusukuma kutoka nyuma kwenda mbele. Mashine ya maji yenye dawa yake maalumu nayo inafanya kazi, ilimradi maji yapite kinyume na njia ya moshi. Vitu vinavyoua chujio navifahamu kwa majina: presha ya kuoshea magari ikielekezwa mbele, hushindilia majivu kwenye mwisho wa mifereji; asidi ya betri na sabuni kali za kutoa grisi, hula madini ya kichocheo; petroli iliyomiminwa ndani, huwaka siku ya kuwasha gari; na moto wa gesi ya kulehemu, hupasua kauri kwa kupasha sehemu moja. Likiwashwa na maji ndani, nalo hupasuka.

Ununue jipya iwapo limepasuka, limeyeyuka, au gramu hazitoki. Linganisha namba ya pati na ya zamani, siyo umbo tu, na hakikisha sensa zinaingia matundu yale yale. Ukipata la mtumba kutoka gari lililokatwakatwa kuwa spea, lipime na ulitazame nyuma kama nilivyoeleza, kabla ya kutoa pesa. Gasketi ziwe mpya pande zote. Baada ya kulifunga, kompyuta iambiwe kwa mashine kwamba chujio limebadilishwa, la sivyo itaendelea kuhesabu majivu ya lile la zamani na kuamuru regeni zisizohitajika, na oili itapanda tena.

Na kulikata?

Chujio zima hunyang'anya injini hii nguvu kidogo sana, hasa kwenye mizunguko ya juu kabisa ambako mtu wa mjini hafiki. Anayesema gari limeruka baada ya kukata analinganisha na lilivyokuwa limezibwa, siyo na lilivyotoka kiwandani. Lisafishe hilo lililoziba na utapata karibu mruko ule ule.

Kukata kwenyewe ni kazi mbili. Ya kwanza ni ya grinda: kopo linapasuliwa, kauri inavunjwa kwa nondo, linachomelewa. Kwa gari lako kichocheo cha oksidisheni kiko kwenye kopo hilo hilo, kwa hiyo mara nyingi vyote viwili huondoka, na harufu ya dizeli mbichi itakuwa yako kila usimamapo kwenye foleni ukiwa na vioo wazi. Ya pili ni ya programu, na ndiyo inayorukwa. Kompyuta ikiona hakuna tofauti ya mgandamizo inatoa P2002 na kulifunga gari tena, au inaendelea kumwaga dizeli ya regeni kulichoma chujio ambalo halipo. Anayekuuzia kukata bila kutaja programu anakuuzia oili inayopanda. Anayeandika programu asipojua anachofanya hufuta na ulinzi wa joto la ekzosi, au hukuharibia kontroboksi.

Na uliza masega yako yanakwenda wapi. Ndani yake kuna platinamu na paladiamu, yana wanunuzi, na kuna fundi ambaye faida yake kubwa iko kwenye gunia hilo kuliko kwenye ufundi anaokutoza.

Moshi wa dizeli uliwekwa mwaka 2012 na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Sheria yetu ya mazingira ya 2004 na kanuni za ubora wa hewa za 2007 nazo zinagusa moshi wa magari. Nchi kama Uingereza, tangu 2014 gari lililotolewa chujio linaanguka kwenye ukaguzi. Mimi sikushauri kukata, na hata ungeniondolea hoja za afya na sheria ningebaki hapo hapo, kwa sababu za oili na nozeli nilizozieleza.

Mpangilio wa pesa yako

Oili ya DL-1 au C3, kama lita 5, na filta yake. Eakilina. Kipimo cha mashine chenye zile namba. Kisha vimipira vya sensa, bomba la sensa ya ekzosi, themostati, mipira ya hewa, kwa kadiri vitakavyoonekana. Menifoldi na washa za nozeli. Baada ya hapo ndipo regeni ya mashine, na ikishindikana, kusafisha. Wengi hawafiki kwenye kununua. Kuanzia hapo, oili kila kilomita 5,000, dipstiki kila Jumamosi, na ukiona dalili za regeni unapokaribia Mtumba, pitiliza hadi Buigiri kisha urudi. Kuchelewa kazini kwa dakika hizo ni nafuu.

Kuhusu jirani yako, mwambie apime oili yake leo na wiki ijayo. Ikiwa inapanda kwenye gari lisilo na chujio, programu haikufanyika au haikufanyika sawasawa. Akanyage gari likipanda mlima, mtu akimfuata kwa gari la nyuma: moshi mweusi mzito ni nozeli au hewa inayovuja, na kwa kuwa hana tena taa ya DPF ya kumwonya, atatambua pistoni itakapokuwa imetoboka. Apake maji ya sabuni kwenye mishono ya kuchomelea, ekzosi ikiwa ya baridi na injini ndiyo kwanza imewashwa. Mapovu yakitoka, moshi huo unaingia kwenye kabini. Na kama fundi aliandika upya kontroboksi, aombe faili la awali la kompyuta kabla fundi hajahama au hajalifuta kwenye laptopu yake, maana siku akitaka kurudisha chujio bila faili hilo ataanza kwa kutafuta kontroboksi nyingine.